Tupeane uzoefu: Jellyfin au Plex ya nyumbani ikigoma kufunguka

Raskazone: Wakuu wa Tanga na Bagamoyo, tukusanye dawa hapa za Jellyfin na Plex, yaani programu za seva ya nyumbani inayorusha filamu na muziki wako kwenye TV na simu. Kwanza tutenganishe: ukurasa wa kulogini ukifunguka kisha ukakataliwa, shida ni akaunti. Usipofunguka kabisa, nywila haihusiki. Jaribu kwenye kivinjari cha simu: http://, anwani ya seva, kisha :8096 kwa Jellyfin au :32400/web kwa Plex. Wengi husahau hiyo poti (namba ya mlango wa programu kwenye seva) halafu wanahangaika na nywila.

Fundi Ngamiani: Mtuhumiwa wa kwanza huku kwetu ni umeme. Ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuipa seva anwani mpya: jana 192.168.1.20, leo 192.168.1.23, na TV bado inapiga hodi mlango wa zamani. Ingia kwenye ruta, upande wa DHCP (unaogawa anwani), ifungie seva anwani moja kwa MAC yake, yaani namba ya kudumu ya kadi yake ya mtandao.

Halafu diski ya USB. Unalogini vizuri, maktaba tupu, kwa sababu seva imewaka diski haijakaa sawa. Kwenye Linux iandike katika /etc/fstab (faili la diski za kuunganishwa mashine ikiwaka) kwa UUID, kitambulisho chake cha kudumu, si /dev/sda1, maana hiyo herufi hubadilika. Ongeza neno nofail kwenye mstari huo, la sivyo diski ikikosekana mashine inaweza kukwama ikiwaka. Na tafadhali, usifute maktaba kabla ya kupiga lsblk (amri ya kuorodhesha diski) na kuiona diski kwa macho yako.

Mdau wa Dunda: Kwa nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Bagamoyo, 5 GHz inafia ukutani. Hamishia TV kwenye 2.4 GHz, au bora zaidi vuta kebo ya Cat5e. Ila kagua pini za RJ45, kichwa cha kebo: hewa ya chumvi huzivisha kutu ya kijani. Gigabiti inataka nyaya zote 8, 100 Mbps inatosheka na 4, kwa hiyo waya mmoja ukilegea kasi inaweza kuanguka bila kukata kabisa. Kata kichwa, bana kipya. Kusugua ni kujidanganya.

Chumbageni: Nywila ya Jellyfin ikisahaulika, bonyeza kiungo cha kusahau nywila ukiwa kwenye waifai ya nyumbani. Seva itaandika faili linaloanza na passwordreset. PIN imo humo, mwisho dakika 30. Plex ukiiunganisha na akaunti kwa tokeni (msimbo wa muda) ya plex.tv/claim, una dakika 4 tu.

Makorora: Na ukiwa nje, kwa bando? Poti imefunguliwa kwenye ruta ya laini lakini wapi.

Fundi Ngamiani: Tazama kwenye ruta anwani ya WAN, yaani ya upande wa intaneti, mkuu. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au inaanza na 10 kisha nukta (10.), uko nyuma ya CGNAT: kampuni ya simu imewaweka wateja wengi kwenye anwani moja ya nje. Hiyo poti fungua hata mwaka mzima. Weka Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa mtandao binafsi, kwenye seva na kwenye simu, akaunti moja, kisha tumia namba inayoipa seva pamoja na :8096. Nayo huanza na 100, usiichanganye na ile ya WAN.