Staji ya wiki nane kwenye benki ya uwekezaji Johannesburg: nijiandae vipi nikiwa bado Lubumbashi?

Katuba_2
Bandugu, jambo. Niko mwaka wa tatu wa fedha hapa Lubumbashi. Nimekubaliwa staji (mazoezi ya kazi) ya wiki nane kuanzia katikati ya Juni, kwenye timu inayoshughulikia uuzaji na ununuzi wa migodi. Hesabu za SYSCOHADA (kanuni za uhasibu tunazotumia huku) nazijua, Excel nimeisoma kwa Kifaransa, Kiingereza nakisoma vizuri kuliko ninavyokisema. Nina wiki sita. Nianzie wapi, na ni makosa gani yanamharibia mtu wa staji jina? Nawaomba wakubwa.

Yaya_Mizania
Hongera, mdogo wangu. Kabla ya hesabu, shughulikia vidole. Kibodi uliyoizoea ni AZERTY, ya Kifaransa; kule utakuta QWERTY, ya Kiingereza. Pale ulipozoea kukuta Z, kule kuna W. Kidole kikitaka kurudisha nyuma kosa kwa Ctrl+Z, kitabonyeza Ctrl+W, na Excel itafunga faili. Itakuuliza kama uhifadhi. Ukijibu hapana kwa haraka, kazi ya jioni nzima imekwenda. Ongeza QWERTY kwenye Windows leo hii na uitumie hiyo tu hadi siku ya safari. Herufi zilizochapwa kwenye vitufe zitakudanganya, na hiyo ndiyo faida: utaacha kuziangalia.

Fomula nazo. Faili ya zamani ikifunguliwa, Excel inatafsiri yenyewe, lakini ukiandika SOMME au RECHERCHEV kwenye Excel ya Kiingereza hutapata kitu. Jifunze SUM, VLOOKUP na IF. Siku ya kwanza andika =1/2 kwenye seli tupu. Ikitoka 0.5, sehemu za fomula zinatenganishwa kwa mkato. Ikitoka 0,5, kwa kawaida ni nukta-mkato kama ulivyozoea.

Halafu neno moja la hatari: "billion" ya Kiingereza ni "milliard" ya Kifaransa, yaani sufuri tisa. "Billion" ya Kifaransa ina sufuri kumi na mbili. Ukitafsiri ripoti ya Kinshasa usiku wa manane, hapo ndipo watu wanapotumbukia.

Bilani_safi
Kwenye hesabu, usiwaambie kwamba EBE (faida ghafi ya uendeshaji ya SYSCOHADA) ni EBITDA (faida kabla ya riba, kodi ya serikali na uchakavu). Zinafanana, lakini pango, yaani pesa ya kukodi majengo na mashine, linabaki ndani ya EBE kama gharama. Chini ya IFRS 16 (kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa kukodi), iliyoanza 2019, karibu mikataba yote ya kukodi inaingia kwenye mizania (orodha ya mali na madeni): pango linageuka uchakavu na riba, EBITDA inapanda, deni nalo linapanda. Ukiweka kampuni mbili kwenye jedwali moja, moja ya SYSCOHADA na nyingine ya IFRS, bila kurekebisha, ile ya IFRS itaonekana na faida kubwa isiyo yake. Au urekebishe zote, au uandike tanbihi chini ya ukurasa.

Shaba_na_Namba
Timu ya migodi itakupa jedwali la mauzo ya zamani ujaze. Chukua mauzo ya mgodi wa Tenke Fungurume ya 2016. Freeport-McMoRan iliuza sehemu yake kwa China Molybdenum kwa dola bilioni 2.65. Mgodi mzima ulikuwa na thamani gani?

Wengi wanaona "asilimia 70" kwenye tangazo wanagawa: 2.65 ÷ 0.70 = 3.79. Si sahihi. Hiyo 70 ni ya hisa za kampuni mama ya mgodi, nayo kampuni hiyo ilimiliki asilimia 80 tu ya mgodi. 20 ni ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo. Kwa hiyo 0.70 × 0.80 = 0.56, na 2.65 ÷ 0.56 = 4.73. Umekosea karibu bilioni moja kwa sababu ya mstari mmoja ambao hukuusoma. Kulikuwa pia na hadi dola milioni 120 za ziada, zilizotegemea bei ya shaba na kobalti baadaye: ziweke kwenye tanbihi, usizijumlishe.

Vipimo: soko la London linataja shaba kwa dola kwa tani, Wamarekani kwa ratili. Tani ni ratili 2,204.62, hivyo dola 9,000 kwa tani ni 4.08 kwa ratili. Ukikuta faili yenye mrabaha (malipo ya mgodi kwa serikali) wa asilimia 2 kwa shaba ya Kongo, hiyo ni sheria ya madini ya 2002. Tangu marekebisho ya 2018 ni 3.5, na kobalti, ikiwa madini ya kimkakati, ni 10.

Katuba_2
Aksanti sana. Je, nilipie mafunzo ya mtandaoni?

Yaya_Mizania
Kama pesa ipo, sawa.

Shaba_na_Namba
Mimi nasema asilipe. Pakua ripoti ya mwaka ya Ivanhoe Mines, ni bure, ujenge jedwali tatu kutoka ukurasa mtupu: faida, mizania, fedha taslimu. Utatafuta mapato ya mgodi wao wa shaba, Kamoa-Kakula, ndani ya mapato yao usiyaone. Ni ubia wa asilimia 39.6, kwa hiyo inaingia mstari mmoja tu wa sehemu ya faida. Ukielewa kwa nini, umeshapata nusu ya mafunzo.

Kalamu_nyekundu
Mumesahau usiku. Kazi ikiletwa saa mbili ya jioni, uliza papo hapo: nani ataisoma, inatakiwa saa ngapi, nifuate faili gani ya zamani. Ukikwama, sema baada ya nusu saa, usingoje alfajiri. Kabla ya kutuma, chapa karatasi, weka rula chini ya kila mstari, na uweke alama nyekundu kwa kila namba uliyoiona kwenye chanzo chake. Kwenye skrini jicho linaruka. Jina la faili liwe na v01, v02. Usiandike juu ya faili ya mwenzako.

Na hili nalikazia kwa sababu wewe ni mtu wa huku: kila familia ya Lubumbashi ina mtu Kolwezi, kwenye migodi. Ukijua mgodi fulani unauzwa, usimwambie hata mjomba, usiandike kwenye WhatsApp ya familia. Hapo si suala la kukosa kazi tu, ni suala la sheria.

Katuba_2
Nimesikia. Na nguo?

Kalamu_nyekundu
Koti zito. Juni na Julai kule ni baridi kali, asubuhi inakaribia sufuri.