Wakili wa Kigoma mjini au wa Dar es Salaam kwa kesi ya kiwanja?

MwanaGungu
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Familia yetu inatafuta wakili wa kutusimamia katika mgogoro wa kiwanja kilichoko Gungu, na tumebaki na wawili. Wa kwanza ana ofisi Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, anafanya kazi peke yake na bei yake tunaimudu. Wa pili yuko Dar es Salaam katika ofisi yenye mawakili wengi. Shemeji yangu anamsifu sana, ila kila akija tutamlipia nauli na malazi. Tunatakiwa kutoa jibu wiki hii. Naomba ushauri wa waliokwisha kuyapitia haya.

Mgebuka
Umetueleza mawakili, hujatueleza kesi. Kiwanja kina jina la nani kwenye karatasi, na mnayegombana naye alikipataje? Je, mmeshapita Baraza la Kata? Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi tena hukumu ya ardhi. Linasuluhisha ndani ya siku 30, na likishindwa linawapa cheti cha kwenda nacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kama hamna cheti hicho na siku 30 hazijaisha, hata wakili hodari atarudishwa mlangoni.

Mama Katubuka
Mwanangu, chukua wa hapa hapa. Sisi tulikuwa na shauri la mpaka wa shamba, tukamleta wakili kutoka nje ya mkoa kwa sababu alisifiwa kama huyo wa shemeji yako. Siku ya kwanza alitufurahisha, alijenga hoja vizuri na akaomba baraza lije kukagua eneo. Baada ya hapo ikawa ni ujumbe wa simu asubuhi ya shauri kwamba ameitwa Mahakama Kuu, nasi tunasimama mbele ya mwenyekiti bila la kusema. Shauri likaahirishwa, likaahirishwa tena, kisha tukakaa muda mrefu bila taarifa yoyote, kwa kuwa tarehe zote alikuwa akizipokea yeye. Tulipokwenda kuuliza, karani alifungua jalada akatuonyesha kwa kidole mstari wa wino wa bluu: shauri limefutwa kwa kutohudhuria. Siku 30 za kuomba lirudishwe zilikuwa zimekwisha kupita, ikabidi kwanza tuombe kuongezewa muda, na hiyo ni gharama nyingine kabisa. Wakili ambaye unaweza kwenda kugonga mlango wa ofisi yake ana thamani kubwa kuliko sifa za mbali.

Heru Juu
Pole sana, mama. Hata hivyo sikubaliani na hitimisho lako, kwa sababu uzembe hauna mkoa. Mji wetu ni mdogo, na wakili wa hapa huenda ndiye aliyewahi kumhudumia mpinzani wako. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mtajieni jina la upande wa pili na mumuulize waziwazi kama amewahi kumfanyia kazi. Kuhusu umbali, zamani rufaa zetu zilikwenda Tabora, lakini sasa Mahakama Kuu ina masjala yake, yaani kituo chake cha kusikiliza mashauri, hapa Kigoma, na rufaa kutoka baraza la wilaya hukatwa ndani ya siku 45.

Mzee wa Ujiji
Mnajadili mawakili wawili kana kwamba hakuna njia ya tatu. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi inamruhusu mtu kusimama mwenyewe katika baraza la wilaya, au kuwakilishwa na ndugu yake. Wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao ni ya bure. Kwa nini mwananchi auze mbuzi wake kwa kesi anayoweza kuieleza kwa Kiswahili chake mwenyewe?

Mgebuka
Mzee wangu, kwa heshima, msaidizi wa kisheria anaelimisha na kuelekeza, lakini haruhusiwi kusimama barazani kama wakili. Na ndugu anayeweza kueleza kisa vizuri si lazima ajue kumhoji shahidi wa upande wa pili, wala kupinga nyaraka isipokelewe kama kielelezo. Hapo ndipo kesi nyingi za ardhi hupotelea.

Kwa MwanaGungu: wote wawili watafute kwanza kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, uone kama leseni zao za mwaka huu ziko hai. Vishoka, yaani mawakili bandia, wapo, na baadhi yao wana ofisi na mihuri ya kupendeza.

MwanaGungu
Ahsanteni sana. Mama, pole kwa yaliyowakuta. Kiwanja ni cha marehemu baba, na barua ya ofa ina jina lake. Baba mdogo alikiuza bila kutushirikisha, na mnunuzi ameshachimba msingi. Cheti cha Baraza la Kata tunacho. Mirathi hatujafungua.

Heru Juu
Hilo ulipaswa kuanza nalo. Mali ya marehemu hudaiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto akifungua shauri kwa jina lake tu, atawekewa pingamizi na shauri litaondolewa. Anzeni Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya mirathi. Kwa hatua hiyo pengine hamhitaji wakili yeyote kati ya hao wawili.

Mama Katubuka
Na mnunuzi akiendelea kupandisha ukuta wakati wao wanasubiri tangazo la mirathi? Wanahitaji mtu aliye karibu sasa hivi, awashauri namna ya kumzuia.

Mgebuka
MwanaGungu, hati ya mauzo ya baba mdogo ilishuhudiwa na wakili gani? Usome muhuri kabla hujarudi kwa wakili wa Mwanga, isije ikawa ni huyo huyo. Na bei uliyopewa, ni ya kesi nzima au ya hatua kwa hatua, na imeandikwa popote?

MwanaGungu
Nakala tuliyonayo ni kivuli na muhuri umefifia. Kesho nitaomba nakala nyingine ofisi ya mtaa. Bei tuliambiwa kwa mdomo.