Kitako cha bunduki ya mtutu mmoja, mpwa wangu aanzie wapi?

FundiWaLangoni (Lamu)

Asalaam aleikum jamaa, nina swali na najua humu mna watu wa mbao na wazee walioshika bunduki kwa kazi. Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, yuko Ohio huko Marekani na kanunua bunduki ya marisau, iliyokwisha tumika, kwa bei ya kutupa. Ni ile ya mtutu mmoja unaivunja kati unatia risasi moja unapiga halafu unafungua tena, H&R Topper (ya kampuni ya Harrington & Richardson) geji 12, yaani kipimo cha tundu la mtutu. Leseni ya kuwinda anayo, huenda na wenzake wa kazini kutafuta sungura na bata mzinga. Sasa chuma anasema kizima ila kina kutu ya juujuu, lakini mbao masikini imechoka, vanishi imebambuka, ubavu wa kulia umebonyea mahali kadhaa na ule mpira wa nyuma unaokaa begani umekauka hata unapasuka ukiuminya.

Jana usiku kanipigia video akanionyesha, akaniambia mjomba wewe maisha yako yote unachonga milango, nielekeze niifanye mwenyewe nyumbani maana fundi wa bunduki atanitoza kuliko nilivyoinunua. Na anataka atie nakshi ya Amu, yaani ya hapa kwetu Lamu, kwenye kitako.

Mbao naijua, mvule msaji mbambakofi zote zimepita mikononi mwangu, lakini bunduki sijapata kuifungua hata moja na sitaki kumwambia kijana wa watu kitu cha kubahatisha kwenye chombo kama hicho. Nataka kujua kitako kinatokaje, mafuta gani yanafaa, na hiyo nakshi nimkubalie au nimkataze?

MzeeWaGede (Malindi)

Waaleikum salaam fundi. Nilitumika upande wa wanyamapori nikiwa kijana, bunduki za marisau tulikuwa nazo na tulizisafisha wenyewe kila jioni, kwa hivyo hapa naweza kusaidia kidogo.

Kabla ya bisibisi kuguswa, mwambie aifungue, atazame kwa macho ndani ya tundu la risasi kisha atie kidole, kiza kinadanganya. Risasi zote zitoke chumba hicho ziwekwe chumba kingine na mlango ufungwe. Na kila akiiweka chini akaenda kunywa chai, akirudi aangalie tena upya, hata kama yuko peke yake nyumbani.

Kitako cha hizo kinashikwa na bolti moja ndefu inayopita ndani kwa ndani kutoka nyuma. Atatoa skrubu mbili za ule mpira, ataona shimo refu, chini kabisa ndiko kichwa cha bolti kiliko. Nyingine zataka bisibisi bapa ndefu, nyingine soketi na kiungo chake, amulike na tochi aone yake ni ipi kabla hajaanza kulazimisha. Ile mbao ya mbele chini ya mtutu ina skrubu yake moja. Bisibisi ijae sawasawa kwenye mfuo wa skrubu, ikipwaya inaharibu kichwa na hapo ndipo watu wanapoanza kupiga nyundo.

Skrubu azitunze vizuri kwenye kikopo. H&R walianza Worcester, Massachusetts mwaka 1871, kampuni ya mwanzo ikafunga 1986, jina likafufuliwa na wengine, na hizi za mtutu mmoja zikakoma kutengenezwa 2015. Spea zipo lakini nyingi ni za kutafutatafuta, akivunja kitu atasumbuka.

Kutu ya juujuu ni mafuta mepesi na stilwuli (nyuzi za chuma za kusugulia) ile laini kabisa, namba 0000, kwa mkono mwepesi, asitie msasa kwenye chuma maana ataondoa ile rangi ya buluu nyeusi ya kiwandani. Iko dawa ya kupaka ya kurudisha rangi, hufanya kazi lakini haidumu kama ile ya kiwandani, basi aitumie kwenye madoa tu. Mtambo wa ndani, yaani kifyatulio na nyundo na pale vinapokamatana, asipige tupa hata kidogo. Na akiifunga mtutu ukachezacheza kwenye maungio, hiyo si kazi ya nyumbani tena, aipeleke kwa fundi wa bunduki alipe tu.

Nimwambie na msomaji mwingine yeyote wa hapa kwetu, haya ni ya Ohio. Kenya bunduki ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti cha mwenyewe lazima, na kuzitengeneza kwa biashara ni kwa aliyesajiliwa peke yake. Kwa hivyo fundi, mtu akikuletea kitako hapo karakana kwako Langoni mrudishe, hata akiwa jirani.

SeremalaShela

Mzee kasema ya chuma mimi nashika ya mbao, maana hapa ndipo patamu.

Kwanza asirukie msasa. Kitako kimeingia kwenye chuma kwa kipimo cha kiwandani na mbao imezidi chuma kidogo sana pale mpakani, ukisugua pale mbao inashuka chini ya chuma na kingo zinaviringana na hairudi tena, kila atakayeishika atajua imechezewa. Vanishi ya zamani aitoe kwa dawa ya kuondolea rangi na kipande cha kukwangulia, dirisha wazi na glavu mkononi, msasa uje baadaye na kwa mpakani asiguse kabisa.

Pale palipobonyea ni pasi ya nguo tu! Kitambaa cha pamba kilowe, ukikamue, ukiweke juu ya shimo, pasi ya moto juu yake kidogo kidogo mpaka mvuke utoke. Nyuzi za mbao zilikandamizwa, zikinywa mvuke zinafura na kurudi juu. Arudie mpaka pasawazike. Ila kama nyuzi zimekatika, yaani ni mkwaruzo wa kitu chenye makali, mvuke hautasaidia, hapo aache alama au asugue taratibu. Hii hata kwenye viti vya mpingo nafanya na wateja hushangaa.

Akimaliza apitishe msasa namba 180 kisha 220, halafu afute na kitambaa chenye unyevu, ikikauka ataona mbao imesimama vinyweleo, apitishe tena 320. Asiruke hiyo, vinyweleo vikisimama chini ya mafuta kitako kitakuwa kinakwaruza shavu.

Mafuta ni linsidi, ile inayouzwa kama ya kuchemsha maana imetiwa dawa ya kukausha, mbichi itamchukua siku nyingi na itabaki inanata. Mkono wa kwanza aichanganye na tapentaini inywe ndani, inayofuata iwe nyembamba sana, apake kwa kiganja mpaka apate joto, asubiri kidogo, afute YOTE iliyobaki juu, alaze mpaka kesho. Watu wanaharibu kwa kupaka nene wakidhani inang'aa zaidi, inakuwa gundi tu.

Na vile vitambaa vya linsidi jamani! Asivikunje akatupa kwenye pipa. Linsidi ikikauka inatoa joto, kitambaa kilichokunjwa kinaweka joto ndani na kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti, nyumba ikaungua watu wamelala. Avitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae au avizamishe kwenye kopo la maji.

KijanaWaAmu_Ohio

Shikamooni wazee wangu, mimi ndiye mwenyewe, mjomba kanitumia linki. Nimefungua vile Mzee alivyosema, bolti yangu ilikuwa ya bisibisi bapa, imetoka bila kelele. Nimekwangua kidogo mahali palipofichika chini ya mpira na mbao ndani ni nyeupe nyeupe, si jozi (walnut) kama nilivyodhani, ile hudhurungi ilikuwa rangi tu. Sasa nitie rangi ya jozi au niiache? Halafu mtutu ni inchi 28, kichakani unanishika kwenye matawi, nilitaka nikate kwa msumeno wa chuma ubaki kama 20 hivi. Na hii bunduki nyepesi sana, inapiga bega vibaya mno.

MzeeWaGede (Malindi)

Marahaba mwanangu. Msumeno uweke chini kwanza. Sheria yenu ya shirikisho ya tangu 1934 inasema mtutu wa bunduki ya marisau ukiwa chini ya inchi 18, au bunduki nzima chini ya inchi 26, bila kibali cha serikali kilichotangulia ni kosa kubwa, na msumeno wa mkono ukipinda kidogo hujui utaishia wapi. Inchi 20 ni halali lakini bado nakukataza, mdomo wa huo mtutu kwa kawaida umebanwa kidogo mwishoni, hapo panaitwa choki, na ndipo panapoyakusanya marisau yaende pamoja. Ukikata umeitoa choki yote, marisau yatatawanyika mapema na huyo bata mzinga utamjeruhi akimbie akafie mbali, jambo ambalo ni haramu na ni dhambi kwa mnyama. Kichakani jifunze kubeba mtutu juu, imefunguliwa, mpaka ufike unapokwenda.

Bega ni kwa sababu bunduki ya mtutu mmoja haina uzito wa kumeza teke. Nunua mpira mpya mzuri laini, na chagua risasi nyepesi kwa sungura, huhitaji zile nzito. Halafu pima, mpira mpya ukiwa mnene kuliko wa zamani kitako kinakuwa kirefu na utaubandika vibaya begani, maumivu yazidi.

SeremalaShela

Mbao nyeupe huko mara nyingi ni bechi (birch) au bichi (beech), hizo zinanyonya rangi mabaka mabaka. Ukitaka hudhurungi jaribu kwanza pale chini ya mpira, rangi iwe ya maji maji, mikono miwili myepesi kuliko mmoja mzito. Mimi ningeiacha na linsidi peke yake, itapata ukahawia wake polepole na itakuwa ya kweli.

FundiWaLangoni (Lamu)

Mmenifaa ndugu zangu, Mungu awalipe kheri. Nakshi basi nimeshaamua. Mpwa wangu, pale kwenye shingo ya kitako unaposhika kwa mkono usichonge hata mstari, pale ndipo pembamba na ndipo teke lote linapopita, ukikata nyuzi pale patapasuka. Upande wa shavu pia hapana. Nakubalia ubavu wa pili tu, nyuma karibu na mpira, ua moja la duara la Kiamu, kina chake kisizidi unene wa ukucha. Uichonge kabla ya mafuta si baada, na kwanza kwenye kipande cha mbao ya bechi mpaka patasi ikutii, bechi ni ngumu na haina ile huruma ya mvule. Nipimie huo ubavu upana na urefu unitumie leo, nitakuchorea ua kwa kipimo chake kwenye karatasi na kukupigia picha iliyonyooka uprinti, na patasi ninazo mbili ndogo nitampa binamu yako anayesafiri mwezi ujao, azitie kwenye begi la chini si la mkononi.