Nyungunyungu wa kulisha samaki na kuku: nianzeje?

Mdau_Tabata: Habari wakuu. Nina tangi la samaki wa mapambo na kuku wanne uani. Nataka kufuga nyungunyungu wawe nyongeza ya chakula chao. Nafasi niliyonayo ni chini ya ngazi tu. Nianze na chombo gani, na je, joto la Dar wataliweza? Wale wa kuchimba bustanini wanafaa?

FundiMboji: Wa bustanini waache, mkuu. Wengi wao ni wa kuishi ndani ya udongo, kwenye taka za jikoni hawazaani. Tafuta wekundu wa mboji, Eisenia fetida, kwa wanaotengeneza mbolea ya minyoo. Nusu kilo inatosha kuanzia.

Chukua beseni pana la lita 40 lenye mfuniko. Upana ni muhimu kuliko kina, maana wanakula juu juu. Toboa matundu ya milimita 5, kumi chini na safu moja ubavuni karibu na mdomo. Tandika sentimita 15 za maboksi yaliyochanwa na samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi miwili, pamoja na kiganja cha udongo na maganda ya mayai yaliyosagwa. Ukifinya matandiko mkononi yatoe tone moja au mawili, yasichuruzike. Acha siku tatu kisha ingiza mkono: kukiwa na joto, usiwatie bado. Usiku wa kwanza acha taa ikiwaka, la sivyo watatoroka.

Mambo mawili huwaua nyungunyungu, watu wakidhani ni bahati mbaya. Makumbi ya nazi yaliyolowekwa baharini yana chumvi, ukiyatumia kwenye matandiko yasuuze mara nne. Na uliza kama ng'ombe alipewa dawa ya minyoo karibuni. Ivermectin, mojawapo ya dawa hizo, hutoka na kinyesi.

Bi Mkubwa wa Uani: Joto wanalolipenda ni nyuzi 15 hadi 25. Likipita 30 wanadhoofika, likikaribia 35 wanakufa. Kuanzia Desemba mpaka Machi weka chupa ya maji yaliyogandishwa juu ya matandiko kila mchana. Beseni likae mezani, na miguu ya meza isimame kwenye makopo ya maji, sisimizi wasipande.

Nusu kilo ya nyungunyungu uwape gramu 200 za maganda ya ndizi, papai au mboga kila baada ya siku tatu, uyafukie. Usiongeze kabla ya yale ya mwanzo kuisha. Limau, kitunguu, pilipili, nyama na chakula chenye chumvi, hapana.

Mdau_Tabata: Ahsanteni sana. Naanza kuvuna lini, na wakipanda ukutani?

FundiMboji: Kupanda ukutani ni dalili ya maji mengi au uchachu. Ongeza boksi kavu, punguza chakula, acha mfuniko wazi kidogo. Ukiona mwili umevimba vipande kama shanga, umewapa pumba au unga kupita kiasi, toa upesi.

Subiri miezi mitatu. Kifuko cha mayai huanguliwa baada ya wiki tatu hivi, na kinda huhitaji kama miezi miwili kukomaa. Mwaga matandiko juani kwa mafungu. Watakimbilia chini, uondoe ya juu kidogo kidogo.

Bi Mkubwa wa Uani: Kwa samaki, waweke nyungunyungu kwanza saa 24 kwenye karatasi mbichi watoe uchafu, suuza, katakata. Wana ute wa njano unaonuka, samaki wengine huwatema. Mara mbili kwa wiki inatosha. Mabaki yatoe, huchafua maji.

Na kinyesi cha kuku kisiingie kwenye beseni kabisa, mwanangu. Nyungunyungu hubeba mayai na viluwiluwi vya minyoo ya kuku, ukiwalisha kuku unawarudishia ugonjwa uleule.