Mjadala: Tuanzishe tovuti mpya ya miongozo ya programu kwa Kiswahili?

Wenzangu, mada ni hii. Kuna vijana hapa Kampala wanataka tuanzishe tovuti ya miongozo ya kuandika programu, iandikwe kwa Kiswahili na watumiaji wenyewe. Wanaopinga wanasema miongozo ya Kiingereza imejaa tele, na kwamba anayeandika programu Uganda kasomea Kiingereza tangu shule ya msingi. Mimi naunga mkono. Ninachokataa ni ule mpango wa kuanza na lugha zote za programu, Python, PHP, JavaScript na kila kitu kwa mpigo.

Hilo limeshajaribiwa na waliotuzidi nguvu. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu yenye mamilioni ya watumiaji, ilifungua sehemu yake ya miongozo Julai 2016, na Agosti 2017 ikaifunga. Kwa maoni yangu waandishi hawakukosekana. Msomaji ndiye aliyekosa sababu ya kuuacha mwongozo rasmi. Hata MDN, tovuti ya Mozilla ya miongozo ya kutengeneza kurasa za wavuti, iliyodumu tangu 2005, iliachana Desemba 2020 na mtindo wa "wiki", yaani wasomaji kuhariri kurasa moja kwa moja. Siku hizi mabadiliko yanapitia GitHub, jukwaa la kutunza na kukagua kazi za programu, na kukaguliwa kwanza.

Sasa niwaambie ninachokitaka. Juzi nilikaa Wandegeya na kijana mmoja anayetengeneza mfumo wa malipo wa duka. Mteja kalipa 50,000, risiti inasema 500. Tulianza saa nane mchana, tukaja kuinua vichwa giza limeshaingia. Kumbe msimbo (code) aliutoa kwenye somo lililoandikwa kwa ajili ya Kenya. Kiwango cha kimataifa cha sarafu, ISO 4217, kinaipa shilingi ya Kenya tarakimu mbili za desimali, ya Tanzania vilevile mbili, ila ya Uganda haina hata moja. Mstari mmoja wa kugawa kwa 100, wa kugeuza senti kuwa shilingi, ndio uliokuwa ukila sifuri mbili za mwenye duka. Mwongozo wa Python hautakuambia hilo, wala si kazi yake.

Kurasa za namna hiyo hazina mwenyewe. Namba za simu pia: mteja anaandika 07, mfumo unadai 256 ya Uganda, na mwingine anaweka 256 halafu sifuri anaiacha palepale. Kila mmoja wetu ameshalitatua tatizo hili peke yake, usiku, na hakuliandika popote.

Kuhusu lugha, tusikae kubishana kama "code" iitwe msimbo au kodi, wala tusitafsiri maneno ya ndani ya programu yenyewe. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa Katiba tangu 2005, lakini sababu yangu ni ya karibu zaidi: nikikosea kuhusu desimali za Tanzania, mtu wa Arusha atanisahihisha siku hiyohiyo.

Ombi langu: tuanze na kurasa thelathini, zisizidi. Kila moja iwe na watu wawili wanaoiwajibikia, toleo la programu lililotumika, na tarehe ya mwisho ya kujaribiwa. Isiyojaribiwa mwaka mzima iondolewe, hata kama aliyeiandika ni mimi, kwa sababu mwongozo uliopitwa na wakati unamgharimu mtu pesa halisi.

Ukurasa wa shilingi naanza kuuandika wiki hii. Wa namba za simu nani anauchukua?