Naomba ushauri: wimbo wa vugo kwenye gitaa

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nipo Tanga mjini. Bibi yangu ananifundisha wimbo wa vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusini inayochezwa kwa kugonga pembe kwa vijiti, nami natamani sana kuupiga kwa gitaa kavu, maana mtaani kwetu wanaoujua wamebaki wachache.

Melodi nimeipata kwenye nyuzi nyembamba. Kinachonishinda ni mapigo: pembe zinagonga tatu huku makofi yakienda mawili, na kidole gumba changu kinafuata makofi tu, hata nikipiga polepole. Nikiweka kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za C, F na G, wimbo unageuka kama pambio la kanisani.

Je, gumba lipige besi vipi ili tatu na mbili ziende pamoja? Na kodi niziache kabisa, nibaki na uzi mmoja mnene unaovuma chini ya melodi?