Dereva wa delivery akigongwa kazini, nani analipa?

Mzigo wa Tabata:
Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye uelewa wa sheria za kazi mnisaidie. Kuna vijana wanasambaza mizigo ya duka linalouzia mtandaoni, stoo ipo Kariakoo. Pikipiki za duka, boksi lina nembo ya duka, wanaripoti saa 2 asubuhi na oda wanapangiwa kwenye grupu la WhatsApp. Wanalipwa kwa oda, kila Jumamosi, kwa simu. Karatasi waliyosaini inasema wao ni "wakandarasi huru" na kwamba duka halihusiki na ajali yoyote. Mmoja kavunjika mguu Barabara ya Mandela, karibu na Tazara, gari dogo lilimkata likiingia sheli. Je, WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) inamhusu? Bima ya lile gari je? Na angekuwa deiwaka, yaani anayeshika pikipiki ya mwenzake kwa siku tu, mambo yangebadilika?

Kalamu Nyekundu:
Mkuu, hiyo karatasi isikutishe. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inaangalia kazi inavyofanyika, haiangalii jina mlilopeana. Mtu anachukuliwa kuwa mfanyakazi kama lipo hata jambo moja kati ya haya: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, yeye ni sehemu ya shughuli za taasisi, amemfanyia mtu huyo kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi, au anafanyia kazi mtu mmoja tu. Hesabu mwenyewe hao vijana wana mangapi. Mzigo wa kuthibitisha kinyume unabaki kwa mwenye duka.

Tofautisha na dereva wa hesabu. Yule anayelaza hela kwa tajiri kila jioni na kutafuta wateja wake mwenyewe ana kesi ngumu zaidi. Wa pikipiki ya mkataba, anayelipa mpaka chombo kiwe chake, ndiyo kabisa. Ila ukikuta mtu anadaiwa hesabu na hapohapo anapangiwa oda na saa za kuripoti, hapo pana la kubishania.

Deiwaka naye anaweza kuwa mfanyakazi. Shida yake ni ushahidi: jina lake halipo popote. Kama mwenye duka au msimamizi alijua na kukubali aendeshe siku ile, ujumbe mmoja wa "leo fulani anashika pikipiki yangu", ukajibiwa "sawa", una thamani kubwa. Bila huo atabaki kubishana kwa maneno matupu.

Mama Ripoti:
Naongezea upande wa WCF, maana wengi wanakosea hapa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unahusu waajiri wote Tanzania Bara, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Anayechangia ni mwajiri peke yake, asilimia 0.5 ya mishahara. Bosi anayekata "hela ya WCF" kwenye malipo ya dereva anavunja sheria.

Kijana amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, kwa maandishi. WhatsApp inatosha kuanzia: tarehe, saa, mahali, oda gani alikuwa anapeleka, ameumia wapi. Mwajiri akishapata taarifa ana siku 7 kuifikisha kwa Mfuko. Akinyamaza, kijana au ndugu yake aende mwenyewe ofisi ya WCF na vielelezo vyake. Mwajiri kutojisajili ni kosa la mwajiri. Lisilosubiri ni muda: ajali isipofikishwa kwa Mfuko ndani ya miezi 12, haki inapotea.

Mfuko unalipia matibabu, na kwa muda ambao hawezi kufanya kazi unalipa asilimia 70 ya kipato cha mwezi, hadi miezi 24. Ukibaki ulemavu wa kudumu, madaktari wanaupima kwa asilimia: kuanzia 30 kushuka analipwa kwa mkupuo, ukizidi 30 ni pensheni ya kila mwezi.

Sasa, hawa wanalipwa kwa oda, kwa hiyo kipato chao lazima kithibitishwe. Achukue taarifa ya miamala ya simu ya miezi kadhaa iliyopita. Mtu aliyekuwa anaingiza 600,000 halafu kwenye karatasi za duka ameandikwa 250,000, asilimia 70 yake inashuka kutoka 420,000 hadi 175,000. Hiyo tofauti ni kodi ya chumba na chakula cha nyumba nzima.

Traffic Mstaafu:
Upande wa barabara. Gari lililomgonga lina bima? Msikariri stika ya kioo, hakikini namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Hata ile bima ndogo (ya mtu wa tatu) inagusa majeruhi wa nje ya gari, hivyo kijana ni mtu wa tatu kwa bima ya yule dereva. Kinyume chake, bima ndogo ya pikipiki haimlipi aliyekuwa anaiendesha.

PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ichukuliwe kituoni. Hali ikiwa mbaya matibabu yaanze, ndugu afuate PF3 nyuma. Kisha fuatilieni mchoro wa ajali, ripoti ya ukaguzi wa vyombo na PF90, ambayo ni taarifa ya mwisho ya polisi. Pigeni picha kabla vyombo havijasogezwa: namba za usajili, alama za breki, mahali boksi lilipoangukia. Sheli nyingi zina kamera na picha hufutwa zenyewe baada ya siku kadhaa, kwa hiyo ombeni polisi wazifuate mapema.

Dereva wa gari atataka "kuyamaliza" palepale kwa laki mbili. Mguu ukiwa wa moto mtu anaona kama ameteguka tu, eksirei inaonyesha ugoko umepasuka. Msisaini chochote kinachosema hakuna madai zaidi. Kesi ya madai mahakamani ina miaka mitatu, lakini gari likiwa la serikali inatakiwa kwanza notisi ya siku 90.

Spana 14:
Sheria mmeimaliza, ila hayo maboksi nayo yanavunja watu. Boksi likikaa nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma, tairi la mbele linakuwa jepesi: usukani unacheza na breki ya mbele inakosa mshiko. Lisogezwe mbele mpaka liguse siti, vitu vizito viwe chini. Mkikatiza maji ya mafuriko pale Jangwani, breki za dramu zinalowa na hazishiki. Mkitoka, endesheni taratibu huku mmekanyaga breki kidogo mpaka zikauke. Na helmeti ya kazini anunue mwajiri. Kumkata dereva hela ya kifaa cha kinga ni jambo la kupeleka OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi.

Mzigo wa Tabata:
Nawashukuru sana. Swali la mwisho: juzi msimamizi kamtoa kwenye grupu na kusema nafasi imeshajazwa. Plasta bado ipo mguuni.

Kalamu Nyekundu:
Hapo pana dai jingine, na muda wake ni mfupi. Kuachishwa kazi isivyo halali kunapelekwa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 30. Mambo mengine, kama malipo ya oda ambayo hajapewa, ni siku 60. Ajaze fomu CMA F1, ampe mwajiri nakala na abaki na uthibitisho kwamba imepokelewa, kisha aifungue ofisi ya CMA ya eneo alilofanyia kazi. Wakili si lazima. Kutolewa kwenye grupu ni ushahidi: apige picha ya skrini inayoonyesha tarehe, na asifute yale mazungumzo ya zamani ya kupangiwa oda, kwa sababu ndiyo yatakayojibu lile suala la "mkandarasi huru". Dai la WCF liendelee kivyake, lisisubiri CMA.

Mama Ripoti:
Na simu asiibadilishe kabla hajahamisha hayo mazungumzo.